Barua ya wazi kwa waratibu wa harakati za mtaani: msisamehe kwa niaba ya wengine

Kwa waratibu, wenyeviti, waweka hazina na wanakamati wa nidhamu wa vituo vya haki, vikundi vya vijana na mitandao ya watetezi wa haki, kuanzia Mathare na Kayole mpaka Kisauni na Likoni.

Makomredi,

Tarehe 28 Mei 2025, kwenye hafla ya maombi ya kitaifa jijini Nairobi, Rais William Ruto aliwageukia vijana akasema kwamba kama kuna mahali serikali ilipowakosea, anaomba radhi. Majibu hayakukawia. Radhi ya kosa gani? Nani alifyatua risasi, na nani alimwamuru? Waliochukuliwa na magari yasiyo na namba za usajili walipelekwa wapi? Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imeshahesabu vifo 60 vya maandamano ya vijana ya 2024 ya kupinga kodi, na radhi ile haikugusa hata kimoja. Tukasema, nanyi mlisema kwa sauti kubwa kuliko sisi, kwamba anayeomba msamaha bila kutaja alichofanya bado hajakiri kitu.

Tulikuwa tumeshaonja. Tarehe 26 Machi 2015 Uhuru Kenyatta alisimama bungeni akaomba radhi kwa niaba ya serikali yake na zote zilizomtangulia, akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa miaka mitatu. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyochunguza dhuluma za serikali tangu uhuru, alikuwa nayo tangu Mei 2013. Bunge halikuipitisha, mfuko ukabaki kwenye hotuba, na jamaa za waliouawa Wagalla kule Wajir, Februari 1984, wanaendelea kuzeeka na madai yao. Ndiyo maana Agosti 2025 lilipotangazwa jopo la kulipa fidia waathiriwa wa maandamano, wengi wetu tuliuliza kwanza: ukweli uko wapi, na nani atashtakiwa?

Masharti hayo tunayajua kwa moyo: kosa litajwe, mkosaji ajulikane, kilichochukuliwa kirudi, na aliyeumizwa aulizwe. Barua hii ni ya kuwauliza kwa nini masharti yenyewe hayavuki mlango wa vikao vyetu wenyewe.

Nitaeleza kisa kimoja bila kutaja kikundi wala mtu. Mkidhani mnakijua, huenda mnakijua kingine kinachofanana nacho.

Kijana aliuawa kwa risasi. Mtaa ukachanga: wa mia, wa hamsini, mama wa mboga aliyetoa mauzo ya asubuhi nzima. Pesa zikaingia kwenye laini ya simu ya komredi mmoja, kwa sababu ndivyo tulivyozoea. Ulipofika wakati wa kulipia uchunguzi wa maiti na kuutoa mwili, sehemu ya pesa haikuwepo. Komredi alikuwa amelipa kodi ya nyumba yake. Kikaitwa kikao Jumapili alasiri, kikafunguliwa kwa dua na kwa sala. Akasimama, akalia, akasema shetani alimpitia. Mzee mmoja wa harakati akakumbusha watu jinsi huyu kijana alivyolala seli kwa ajili yetu, akamalizia kwa yaliyopita si ndwele. Makofi yakapigwa. Kwenye kumbukumbu za kikao ikaandikwa kwamba komredi amesamehewa na mambo yamekwisha.

Mama wa marehemu hakuwepo. Hakuwa na habari kwamba kulikuwa na kikao. Alikuwa anatafuta pesa za mochari, ambayo hutoza kwa siku, na siku zilikuwa zinaongezeka.

Sasa niambieni: kikao kile kilisamehe nini? Pesa hazikuwa za kikao. Mwili haukuwa wa kikao. Watu ishirini waliokuwa wameshiba, kwa maana ya kwamba hawakudaiwa chochote na mochari, walikaa wakagawa kitu ambacho mwenyewe hakuwa ameitwa.

Sisi wa Pwani jambo hili tumelisikia madrasa tangu udogoni. Kosa baina ya mtu na Mola wake, atatubu, na Mola ni mwingi wa kusamehe. Lakini haki ya mja haifutwi kwa kulia msikitini. Aache, ajute, aazimie kutorudia, na juu ya hayo amrudishie mwenye haki haki yake au apate radhi yake mwenyewe. Ndugu zetu Wakristo wanayo yao, tena ya kuchekesha ukikumbuka Juni 2024, vijana walipokuwa wakiimba barabarani kwamba Zakayo, jina la utani walilompa Rais Ruto kwa ajili ya kodi zake, ashuke. Tulimwimba Zakayo kama jina la mtoza ushuru na tukaisahau sehemu ya pili ya hadithi. Zakayo wa Injili ya Luka alishuka kweli. Aliposhuka hakutoa hotuba ya radhi tu. Alisema nusu ya mali yake atawapa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Laiti kila mweka hazina wetu angekuwa Zakayo wa aina hiyo!

Hayo ni ya pesa, na pesa hurudi. Kuna mengine.

Kwa miaka mingi, wanaharakati wa Kenya, hasa wanawake wa Wajir, Garissa na Mandera, wamepiga kelele dhidi ya maslaha. Msichana anabakwa, wazee wa pande mbili wanakaa chini ya mti, ngamia wanahesabiwa, familia inapokea, na kesi inaondolewa polisi. Msichana hasemi wala hapati kitu, zaidi ya kukutana na mbakaji wake kisimani. Tumeandika taarifa, tumeandamana, tumeinukuu Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, ambayo kifungu chake cha 40 hakimpi polisi wala mzee wala mzazi mamlaka ya kuizima kesi ya namna hiyo. Tukasema maslaha ni kumwuza mtoto mara ya pili.

Halafu komredi wa kike anakuja kwenu kusema kwamba baada ya semina, usiku, mratibu fulani aliingia chumbani kwake. Mnafanya nini? Mnaita watu watano, wengi wao wanaume, wengi wao marafiki wa mratibu. Mnamwambia dada afikirie harakati. Mnamwambia mtuhumiwa aombe radhi "kama alieleweka vibaya". Mratibu anahamishiwa mradi mwingine. Dada anaacha kuja vikaoni, na baada ya mwaka mtu anauliza mbona wanawake hawajitokezi kugombea uongozi. Hayo ni maslaha, makomredi, tofauti ni kwamba hayana ngamia. Wazee wa Wajir angalau walikuwa wakilipa.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimelisikia likitolewa na watu ninaowaheshimu: adui anatazama. Tukimwanika mwenzetu, serikali itafurahi, magazeti yatajaza kurasa, mfadhili ataondoka. (Huyu wa tatu ndiye anayeogopwa zaidi, ila hutajwa mwisho.) Hoja hii si ya kipuuzi. Harakati zetu zinapelelezwa, na wapo wanaosubiri kosa moja tu watuite wezi sote.

Ila tazameni Soweto, Afrika Kusini. Mwishoni mwa Desemba 1988, vijana wa kilichoitwa Mandela United Football Club, waliokuwa wakiishi na kumlinda Winnie Mandela, waliwachukua kwa nguvu vijana wanne kutoka nyumba ya kanisa la Methodisti. Mmoja wao, Stompie Seipei, mwanaharakati mtoto wa miaka 14, alipatikana ameuawa Januari 1989. Fikirieni hali ya wakati ule. Nelson Mandela yuko gerezani. Nchi iko chini ya sheria ya hali ya hatari. Makaburu wangetoa dhahabu kupata kashfa kama hiyo. Kama kuna watu waliokuwa na sababu ya kusema adui anatazama, ni wale. Na tarehe 16 Februari 1989 viongozi wa vuguvugu la ndani ya nchi la kupinga ubaguzi wa rangi, msemaji wao akiwa Murphy Morobe, waliita waandishi wa habari wakajitenga hadharani na Winnie Mandela na matendo ya kundi lile. Mke wa Mandela, mama wa taifa, aliyekuwa ameteswa na kufungwa na kufukuziwa Brandfort.

Mapambano yalivunjika? Mwaka uliofuata Mandela alitoka gerezani, na mwaka 1994 wakapiga kura. Sidai kwamba walifanya yote sawasawa. Kabla ya hapo walihangaika wiki kadhaa wakijaribu kuyamaliza kimyakimya, na mtoto alikuwa ameshakufa. Tena lipo la kusikitisha zaidi. Mwaka 1997, mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, Askofu Desmond Tutu alimbembeleza Winnie aseme tu kwamba mambo yalikwenda mrama. Akasema, kwa shida, na wengi waliona ni maneno aliyokuwa amewekewa kinywani. Miaka yote hiyo, mama yake Stompie alikuwa amesubiri.

Kuna kisa kingine cha tume ile ile ambacho ningependa kisomwe kwenye kila semina ya uongozi. Viongozi 37 wa ANC, chama cha Mandela, waliomba msamaha wa kisheria kwa pamoja, kama chombo, kila mmoja akibeba jukumu la jumla bila kueleza yeye alifanya nini. Kamati ya msamaha ikawapa mwaka 1997. Tume yenyewe ikaona hapa tumekosea, ikaenda mahakamani kuupinga uamuzi wa kamati yake, na mwaka 1998 msamaha ule ukafutwa. Sababu ni kwamba sheria ilitaka mtu aeleze kitendo chake kikamilifu, na jukumu la jumla halielezi kitendo cha yeyote. Nikisikia kamati yetu ikisema "sote tumekosea kama familia", mimi huwakumbuka hao 37.

Sasa nisieleweke kwamba nataka kila aliyekosea atupwe nje. Hilo nalo tunalifanya, na huwa tunalifanya kwa furaha inayonitisha. Picha ya mtu inarushwa kwenye kundi la WhatsApp usiku wa manane, pembeni pameandikwa msaliti, na kufikia alfajiri watu mia mbili ambao hawajui alichofanya wameshamlaani. Mara nyingi anatuhumiwa kununuliwa na serikali: ametumwa, ameonekana na fulani, amepokea. Tangu 2024 tuhuma ya kununuliwa imekuwa nyepesi kuliko nauli ya matatu. ANC hao hao walikuwa na kambi huko Angola iliyojulikana kama Quatro, walikofungwa na kuteswa wapiganaji wao wenyewe, wengi wakishukiwa ujasusi bila ushahidi. Baada ya marufuku ya chama kuondolewa mwaka 1990 waliotoka kambini walianza kusema, na chama kikalazimika kuunda tume za kujichunguza, ya 1992 na ya 1993. Tume hizo zilikuta mateso. Chama kikakubali na kuomba radhi, kikapendekeza iundwe tume ya ukweli kwa nchi nzima, kwa pande zote. Kwa hiyo Tume ya Ukweli iliyompa Tutu jina duniani ilitokana, kwa sehemu, na harakati kuulizwa maswali na watu wake wenyewe. Lakini hakuna kiongozi aliyeadhibiwa na chama kwa ajili ya Quatro. Hapo ndipo huwa najizuia kuwasifu.

Kumfukuza mtu usiku ni rahisi kwa kamati kwa sababu kunamaliza maswali. Pesa hazirudi, aliyeumizwa haulizwi, na mfukuzwaji anahamia kikundi cha mtaa wa pili ambako hawamjui, huko anapewa laini ya simu ya michango.

Ninachoomba kwenu basi si ukali. Kwanza, acheni kupiga kura ya msamaha. Kikao kinaweza kuthibitisha kilichotokea, kinaweza kusimamia urudishaji, kinaweza kuamua nani ashike nafasi gani. Msamaha ni wa aliyeumizwa, na anaweza kuutoa leo, au mwakani, au asiutoe kamwe, na asiitwe mtu wa kinyongo. Nimeona wanawake wakifuatwa nyumbani na ujumbe wa watu watatu, na sukari kilo mbili, waombwe "waachilie". Hiyo sukari irudi dukani.

Pili, aliyesamehewa si lazima arudishiwe alichokuwa ameshika. Mama wa marehemu anaweza kumsamehe yule komredi kwa moyo mweupe, na bado komredi asishike pesa za mtu tena. Aendelee kuja, abebe mabango, afundishe vijana, alipe kidogo kidogo mpaka deni liishe, na kila malipo yasomwe. Mimi ni katika wanaoamini kwamba mtu hurudi. Ila arudi kwa njia inayoonekana, na muda upite.

Tatu, ya jinai yaende kwenye jinai. Najua uzito wa kumwambia mtetezi wa haki aende kuandikisha taarifa kwenye kituo kile kile alikopigwa rungu mwezi uliopita. Kwa hiyo msimwache aende peke yake. Mwanamke aliyebakwa anahitaji hospitali ndani ya saa 72 ili dawa za kinga zifanye kazi, anahitaji nguo zisifuliwe, anahitaji wakili. FIDA, chama cha mawakili wanawake, wapo, na nyinyi mnazo namba zao kwa sababu huwa mnawaalika kwenye semina. Kazi ya kikundi ni kumsindikiza, kumlipia nauli, na kumwondoa mtuhumiwa kwenye nafasi yake wakati kesi ikiendelea. Si kazi ya kikundi kupima kama anasema kweli kwa kutazama alivyovaa.

Halafu kuna sehemu yenu wenyewe. Yule komredi alikula pesa za maiti, ndiyo. Lakini nani aliamua michango ya mtaa mzima ikae kwenye laini ya mtu mmoja, inayosomeka jina lake, ikichanganyika na pesa zake za unga? Alikuwa akijitolea bila malipo kwa miaka, kodi imemkaba, na mwezi ule ule ripoti ya mradi ilikuwa na mstari wa mafuta ya gari la mratibu. Hilo halimtoi hatiani. Linawaingiza nyinyi.

Nendeni mkatazame vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, hapo hapo mtaani. Wana sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu ziko kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe liko kwa wa nne. Halifunguliwi ila wote wamekaa. Kila shilingi inahesabiwa kwa sauti na wasiojua kusoma wanasikia. Wengi wao hawajawahi kuhudhuria semina ya utawala bora. Sisi tunaofundisha utawala bora tunatunza rambirambi kwa kuaminiana.

Vikundi vingi vinachagua kamati mpya mwaka huu. Kabla ya uchaguzi wowote, naomba kila kikundi kisome mbele ya wanachama hesabu ya michango yote ya mazishi na matibabu iliyopokelewa tangu Juni 2024: kilichoingia, kilichotoka, na ambacho hakijulikani kilipo. Familia zilizochangiwa zialikwe, siku na saa wazichague wao, na nauli yao itoke kwenye mfuko wa kikundi. Kilichopungua kipewe tarehe ya kurudi na jina la anayekirudisha. Malalamiko ya wanawake yaliyozimwa yafunguliwe upya iwapo wenyewe wanataka, na yasikilizwe na watu wasiofanya kazi na mtuhumiwa wala kumtegemea.

Mkiona jambo hili haliwezekani, andikeni sababu na mziweke ubaoni ofisini kwenu, wanachama wazisome.

Mwanachama wa kawaida,
Mombasa